Mvinyo wa mikoa ya Italia na chakula chake: maswali ninayoulizwa kila Septemba

Naishi Torino, mkoa wa Piemonte, kaskazini-magharibi mwa Italia, na mwezi wa nane ukiisha simu yangu haipumziki. Ndugu wa Dar, rafiki wa Nairobi, jamaa walioko Ujerumani na Uholanzi, wote wamesikia kwamba huku kuna sherehe ambako mtu huzunguka na glasi shingoni, akionja mvinyo na kula mpaka ashindwe. Maswali yao yanafanana. Nimeona niyajibu yote kwa mpigo.

Sherehe ziko nyingi. Niende ipi?

Inategemea umekuja kufanya nini. Waitaliano wana maneno mawili, *fiera* na *sagra*, na ukiyachanganya utajikuta mahali pasipo pako.

Fiera ni maonyesho ya biashara. Kubwa kwa upande wa mvinyo ni Vinitaly, iliyoanza mwaka 1967 na hufanyika Verona kila Aprili. Humo kila mkoa una eneo lake, na kwa siku moja unaweza kutembea kutoka Sisilia hadi mpaka wa Austria bila kupanda treni. Lakini ni soko la waagizaji na wenye mikahawa. Tiketi ni ghali, watu wanakimbizana na miadi, na chakula ni cha kupooza njaa tu. Kama huna biashara ya mvinyo, subiri jioni uende kwenye sherehe inayoandaliwa siku hizohizo katika viwanja vya mji wa kale wa Verona.

Sagra ni sherehe ya kijiji, na mara nyingi inahusu kitu kimoja: zabibu, vitunguu, uyoga, hata konokono. Inaendeshwa na Pro Loco, yaani chama cha wenyeji wanaojitolea, kwa hiyo anayekukaangia anaweza kuwa mwalimu mstaafu na anayekumiminia akawa fundi bomba. Marino, mji mdogo karibu na Roma, wana sagra ya zabibu tangu 1925, mwanzoni mwa Oktoba, na saa yake ikifika chemchemi ya mjini hutoa mvinyo badala ya maji. Ndiyo, ni kweli. Na ndiyo, watu wanasukumana.

Mimi wageni wangu huwapeleka Asti, chini ya saa moja kwa treni kutoka Torino. Tangu 1974 kuna Festival delle Sagre: vijiji vya eneo la Asti hukusanyika kwenye uwanja wa Campo del Palio, kila kijiji na kibanda chake, chakula chake kimoja au viwili, na mvinyo wa kwao. Jumapili asubuhi kuna maandamano ya watu waliovaa kama wakulima wa zamani, na ng'ombe, mikokoteni na majembe. Siku za karibu na hapo mjini kuna Douja d'Or, sherehe ya mvinyo wenyewe. *Douja* ni gudulia la kuwekea mvinyo kwa lugha ya Kipiemonte.

Ukija wakati mwingine wa mwaka, kuna Cantine Aperte, wikiendi ya mwisho ya Mei, ambapo watengenezaji nchi nzima hufungua milango yao. Tarehe za sherehe husogea, kwa hiyo zihakikishe kabla hujalipia ndege.

Nimefika kwenye sagra. Nifanye nini?

Usiende kwenye chakula. Nenda kwenye foleni iliyoandikwa *cassa*. Hapo unalipa kwanza, unapewa risiti, na risiti hiyo ndiyo unayoipeleka kwenye dirisha la chakula. Mgeni asiyejua husimama dakika ishirini kwenye harufu ya vitunguu saumu, akifika mbele anaambiwa arudi cassa. Yalinikuta mwaka wangu wa kwanza, na bibi aliyekuwa akichota polenta, ugali wao wa mahindi, alinionea huruma kiasi cha kunionyesha njia kwa mwiko.

Glasi mara nyingi unainunua au unaiwekea amana mlangoni, pamoja na kifuko cha kitambaa cha kuning'iniza shingoni. Usikidharau kifuko. Ndicho kinachokuachia mikono miwili ya kushika sahani. Pengine utauziwa vocha kadhaa za kuonja, kila moja mmimino mmoja. Meza ni ndefu, mabenchi ni ya kushirikiana, na ukiona nafasi uliza “*È libero?*” ukae. Baada ya dakika kumi utakuwa umeshajua jirani ana watoto wangapi.

Beba noti ndogo ndogo na fika mapema. Saa mbili usiku vyakula vizuri vimekwisha, na wanaotaka ushahidi wakamuulize shangazi yangu aliyekosa agnolotti, vifuko vya tambi vyenye nyama ndani, kwa sababu alikuwa anapiga picha ng'ombe.

Sijui lolote kuhusu mvinyo. Nitaelewa kweli?

Unajua zaidi ya unavyodhani. Nyama choma unakula na kachumbari kwa sababu ndimu na nyanya zinakata mafuta. Kashata unashushia kahawa chungu kwa sababu utamu mtupu unachosha. Kulinganisha mvinyo na chakula ni kazi hiyohiyo.

Onja kitu kimoja kimoja. Kwanza uchachu: mvinyo unakutoa mate pembeni mwa ulimi? Basi utafaa mafuta, vitu vya kukaanga, nyama ya nguruwe, jibini laini. Pili ukakasi. Huo unaujua kama umewahi kula bibo la korosho au ndizi isiyoiva: ulimi unakauka, fizi zinakaza. Katika mvinyo mwekundu ukakasi unatoka kwenye maganda na mbegu za zabibu, wataalamu wanauita tanini, na dawa yake ni nyama. Protini na mafuta ya nyama vinaulainisha, ndiyo maana mvinyo uliokukunja uso ukiwa mtupu unageuka mwingine kabisa ukiwa na kipande cha ng'ombe kinywani. Tatu utamu: mvinyo lazima uwe mtamu angalau sawa na kitindamlo chako, la sivyo utaonekana siki.

Nne, kama kuna mapovu. Mapovu yanasugua ulimi kama brashi.

Ni hayo tu. Harufu za “ngozi ya farasi” na “maua ya urujuani” waachie waliolipwa kuzitaja.

Barbera, Barolo, Barbaresco: si kitu kimoja?

Hapana, na hapa ndipo kila mgeni anapokwama. Barbera ni jina la zabibu. Barolo na Barbaresco ni majina ya vijiji, na zabibu yao ni nyingine, inaitwa Nebbiolo. Kwa hiyo kwenye chupa ya “Barbera d'Asti” unasoma zabibu halafu mahali, na kwenye “Barolo” unasoma mahali peke yake, zabibu uijue mwenyewe. Italia nzima imejaa vurugu hii. Montepulciano ni mji wa Toscana, na pia ni zabibu ya Abruzzo isiyohusiana kabisa na mji huo. Hakuna dawa ila kukariri.

Tofauti kinywani ni kubwa. Barbera ina uchachu mwingi na ukakasi kidogo, rangi ya zambarau iliyokolea, inanyweka bado changa. Ni mvinyo wa meza ya kila siku, wa watu wenye kazi kesho. Nebbiolo ina rangi nyepesi inayokudanganya: unaona wekundu wa matofali unaopitisha mwanga, unadhani ni laini, halafu ukakasi unakukamata. Ndiyo maana kanuni zinataka Barolo ikae miezi 38 kabla ya kuuzwa, 18 kati ya hiyo kwenye mapipa ya mbao. Barbaresco inaruhusiwa mapema, miezi 26, 9 ikiwa kwenye mbao.

Sasa chakula. Asti hutapita bila kukutana na *bagna càuda*: vitunguu saumu na dagaa wa chumvi waliopikwa polepole ndani ya mafuta ya zeituni mpaka wakayeyuka, inaletwa ya moto, unachovya pilipili hoho, kabichi na mboga za majira ya baridi. Ukinywa Barolo hapo, chumvi ya dagaa na ukakasi vinagombana na mdomo unabaki na ladha ya chuma. Barbera inaingia bila ugomvi, uchachu wake unaosha mafuta, na unarudi kuchovya. Barolo ihifadhi kwa nyama ya ng'ombe iliyopikwa saa nyingi, ambayo wenyeji wanaipika ndani ya Barolo hiyohiyo na kuiita *brasato*. Au kwa *tajarin*, tambi nyembamba za viini vingi vya mayai, ikiwa zimenyunyiziwa tartufo nyeupe ya Alba. Tartufo ni aina ya kuvu anayeota chini ya ardhi kwenye mizizi ya miti na kutafutwa na mbwa. Maonyesho yake Alba huanza Oktoba. Bei yake usiniulize.

Kwa nini watu wanatema mvinyo mzuri hivyo?

Mjomba wangu alikuja kutoka Moshi, mtu aliyekulia kwenye mbege, nikampeleka mahali pa kuonja mvinyo. Akamwona bwana mmoja wa suti anazungusha mvinyo mdomoni, anafikiri, kisha anautema kwenye ndoo ya chuma.

“Mbaya?” akaniuliza kwa kunong'ona.

“Hapana mjomba, mzuri sana. Anaonja tu.”

“Mwanangu, kwetu mtu akitema pombe mbele ya mwenye pombe, anaondoka na ugomvi.”

Nikamweleza kwamba yule bwana ana mvinyo arobaini wa kuonja kabla ya chakula cha mchana, na akimeza yote hatajua anachoandika. Mjomba akatikisa kichwa. Alimeza kila tone. Glasi ya tisa ikamkuta anamfundisha Kichaga mwuza jibini.

Kwenye fiera kutema ni adabu ya kazi, na ndoo ipo kwa ajili hiyo. Kwenye sagra hakuna anayetema, kwa hiyo dawa ni chakula na maji: kula kabla hujaanza, na kunywa maji kila baada ya glasi. Kuonja mivinyo sita kwa siku kunatosha kwa mtu anayetaka kuikumbuka.

Nikikuta meza za mikoa mingine, niombe nini na nile na nini?

Italia ina mikoa 20 na kila mmoja una mvinyo, kwa hiyo sitaimaliza. Nitasema ile ninayoirudia mimi.

*Emilia-Romagna* ni mahali pazuri pa kuanzia. Huu ndio mkoa wa jibini ya Parmigiano Reggiano, wa paja la nguruwe la Parma, wa mortadella, soseji nene ya nguruwe, wa unga unaokaangwa kwenye mafuta ya nguruwe na kuitwa *gnocco fritto*. Mafuta juu ya mafuta. Na mvinyo wao ni Lambrusco: mwekundu, wa baridi, wenye mapovu. Wajuzi wengi waliucheka kwa miaka, kwa sababu uliosafirishwa kwa wingi kwenda ng'ambo ulikuwa mtamu kama soda. Omba *secco*, yaani mkavu. Kata kipande cha mortadella, kunywa, kisha uniambie nani anacheka. Kwangu mimi hakuna mlingano bora nchini humu kwa pesa ndogo kama hiyo.

*Veneto* ina watu wa aina mbili, wa Prosecco na wa Amarone. Prosecco, mweupe wenye mapovu, hutengenezwa kwa zabibu inayoitwa Glera, na ile ya vilima vya Conegliano na Valdobbiadene ndiyo ya kutafuta. Vilima vyenyewe viliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2019. Inywe mwanzo, na vitu vidogo vya kukaanga. Amarone ni hadithi nyingine. Zabibu za Valpolicella zinachumwa, kisha zinaanikwa kwenye trei ndani ya maghala yenye upepo kwa miezi kadhaa, zinanyauka, sukari inakolea, ndipo zinakamuliwa. Mvinyo unatoka na pombe ya asilimia 15 au 16. Ukianza na huo, umemaliza siku. Uache mwisho, na jibini ngumu iliyokomaa au wali unaopikwa ndani yake, *risotto all'Amarone*. Kwa samaki wa huko omba Soave, mweupe.

*Toscana* kila mtu anaijua kwa Chianti. Ile yenye jogoo mweusi shingoni ni Chianti Classico, na lazima iwe na angalau asilimia 80 ya zabibu ya Sangiovese. Brunello di Montalcino ni Sangiovese tupu na inasubiri mpaka Januari ya mwaka wa tano baada ya mavuno. Nyama yake ni *bistecca alla fiorentina*, pande nene la ng'ombe lenye mfupa, la moto nje na jekundu ndani. Ukiomba ipikwe mpaka iive kama kwetu, mpishi atakuangalia kwa huzuni. Na mkate wa Toscana hauna chumvi. Si kosa la mwokaji. Soseji zao na pecorino, jibini ya kondoo, zina chumvi ya kutosha, ukila pamoja utaelewa. Malizia kwa vin santo, mvinyo mtamu wa rangi ya asali, ukichovya biskuti ngumu za lozi kama unavyochovya andazi kwenye chai.

*Campania*: kwa mozzarella, jibini laini ya maziwa ya nyati wa kufugwa, omba Fiano au Falanghina, mweupe. Pizza Wanapoli wengi wanainywea bia, na sioni sababu ya kuwabishia. *Puglia*: Primitivo, mwekundu, mzito, una utamu wa matunda yaliyoiva sana. Unapenda mchuzi wa nyama, haupendi dagaa. *Friuli*: Friulano, mweupe, na paja la nguruwe la San Daniele. Zamani uliitwa Tocai, lakini Wahungaria wenye Tokaji yao wakadai jina, na tangu 2007 Wafriuli wamelazimika kuandika jina jipya kwenye chupa. Wazee wao baa bado wanaagiza kwa jina la zamani. *Sardegna*: Vermentino kwa samaki, Cannonau kwa nyama ya kuchoma, na hapo mtu wa nyama choma atajiona yuko nyumbani.

*Sisilia* nimeiacha mwisho kwa makusudi. Mwekundu wa mlima Etna, wa zabibu ya Nerello Mascalese iliyopandwa kwenye majivu ya volkano, ni mwepesi na unakubali hata samaki jodari wa kuchoma. Magharibi, Trapani, wanapika kuskusi ya samaki waliyorithi kutoka Afrika Kaskazini, ng'ambo tu ya bahari. Halafu kuna kisiwa cha Pantelleria, kilicho karibu na Tunisia kuliko Sisilia yenyewe. Mizabibu yake hupandwa ndani ya mashimo madogo, vichaka vifupi vinavyojikunyata dhidi ya upepo, na UNESCO iliuweka ukulima huo kwenye orodha ya urithi wake mwaka 2014. Zabibu zinaanikwa juani na kutengenezwa mvinyo mtamu, *passito*. Na jina la zabibu hiyo ni *zibibbo*. Litamke tena. Linatokana na Kiarabu *zabib*, zabibu kavu, neno lilelile lililotufikia sisi pwani. Mara ya kwanza nilipolisikia nilidhani muuzaji ananitania kwa Kiswahili.

Kwa hiyo samaki ni mweupe, nyama ni mwekundu?

Ni kanuni ya kuokoa muda, siyo sheria. Kinachowakera samaki ni ukakasi, siyo rangi. Mwekundu usio na ukakasi mwingi, uliopoozwa kidogo, unakaa vizuri na jodari au na samaki wa mchuzi wa nyanya. Na nyama ya ndama ya Piemonte inayofunikwa kwa mchuzi wa jodari, *vitello tonnato*, inapendeza zaidi na mweupe, kwa mfano Arneis. Angalia mchuzi kabla ya kuangalia nyama.

DOC, DOCG, IGT: hizi herufi zina maana gani?

Ni ngazi za sheria. DOC, iliyoanza kwa sheria ya 1963, inasema mvinyo umetoka eneo fulani na umefuata kanuni zake za zabibu, mavuno na ukomavu. DOCG ni ngazi ya juu yake, na shingoni mwa chupa utaona utepe wa serikali wenye namba. IGT ni pana zaidi na inampa mtengenezaji uhuru. Herufi hizo zinathibitisha asili. Ladha hazikuhakikishii. Nimekunywa IGT za kunyamazisha meza na DOCG za kumwagia saladi.

Ila usizidharau. Mwaka 1986 watu zaidi ya 20 walikufa huku kaskazini baada ya kunywa mvinyo wa bei ya chini uliochanganywa na methanoli ili kupandisha kiwango cha pombe. Sisi wa Afrika Mashariki sumu hiyo tunaifahamu kwa misiba ya chang'aa. Ukaguzi uliongezwa, na watengenezaji wengi wa Piemonte wakaamua kuuza kidogo na kizuri. Barbera, iliyochafuliwa jina vibaya na mkasa ule, ilichukua miaka kurudi mezani kwa heshima.

Mimi sinywi pombe. Kuna la kufanya huko?

Lipo, na simo katika wale wanaosema “njoo tu, kuna juisi”. Lazima ujue unachokula, kwa sababu mvinyo na nguruwe vimejificha mahali usipotarajia.

Mvinyo upo kwenye *brasato*, kwenye risotto nyingi, na kwenye *zabaione*, ile krimu ya mayai inayopigwa na mvinyo wa Marsala au Moscato. *Bunet*, kitindamlo cha chokoleti cha Piemonte, mara nyingi huwa na ramu. Nguruwe yumo ndani ya agnolotti, yumo kama *strutto* kwenye unga wa kukaanga, na yumo kama *lardo*, mafuta yake yaliyokatwa kama karatasi juu ya mkate. Hata jibini nyingi za kale hugandishwa kwa kimeng'enya cha tumbo la ndama, jambo ambalo wengine hulijali. Uliza: “*C'è maiale? C'è vino o alcol?*” Watakujibu bila kukasirika. Anayejitolea kupika chakula cha kijiji chake anafurahi kuulizwa.

Vya kula kwa amani: *belecauda*, mkate bapa wa unga wa dengu unaookwa kwenye tanuri la kuni, maji, chumvi na mafuta ya zeituni tu. Polenta na uyoga. Bagna càuda yenyewe, ila uliza kwanza, maana wengine huosha dagaa wake kwa mvinyo. Keki ya *nocciole*, kokwa za vilima vya Langhe karibu na Alba. Na wakati wa mavuno baadhi ya wakulima huwa na *mosto*, maji ya zabibu yaliyokamuliwa siku hiyo, lakini uhakikishe ni ya asubuhi ile, maana joto likipiga yanaanza kuchacha bila kumuuliza mtu.

Na chakula chetu je? Nikipika pilau nimpe mgeni mvinyo gani?

Pilau ya mdalasini na iliki inapatana na mwekundu mwepesi wenye manukato. Mimi huweka Ruchè, mvinyo wa vijiji vichache karibu na Asti unaonukia kama waridi. Samaki wa nazi, Vermentino. Pilipili ndiyo adui: pombe kali na ukakasi vinaipandisha moto. Hapo ninatoa Moscato d'Asti, tamu, mapovu kidogo, pombe ya asilimia 5 hivi. Ni hiyo tu iliyowahi kustahimili achari ya mama yangu.

Itanigharimu kiasi gani?

Sahani na glasi kwenye sagra ni euro chache. Barbera nzuri nyumbani kwa mkulima unaipata kwa chini ya euro 15, na Barolo mara nyingi huanza mara mbili ya hapo au zaidi. Ukiuziwa Barolo kwa bei ya maji, mwachie.

Naweza kuja na watoto?

Sagra imejaa watoto na watakimbia mpaka walale mezani. Kuuziwa pombe ni kuanzia miaka 18. Fiera kama Vinitaly si mahali pao.

Nitaendesha gari?

Usiendeshe. Kiwango cha juu ni gramu 0.5 kwa lita moja ya damu, na kwa mwenye leseni changa ya chini ya miaka mitatu au umri chini ya 21 ni sifuri. Polisi wanajua tarehe za sherehe kuliko wewe. Panda treni, na angalia saa ya treni ya mwisho *kabla* hujaonja chochote.

Nirudi nyumbani na chupa ngapi?

Kanuni za forodha za Jumuiya ya Afrika Mashariki zinamruhusu msafiri mtu mzima kuingia na lita 2 za mvinyo bila ushuru, yaani chupa mbili za kawaida na nafasi ya nusu lita inayobaki ikikusikitisha. Zifunge kwenye nguo, katikati ya begi la kupakia chini, kila moja ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa. Nililijifunza hili kwa kanzu nyeupe ya mtu mwingine.

Dodoma tunalima zabibu. Kuna uhusiano na Italia?

Upo. Zabibu ziliingia Dodoma kwa mikono ya wamisionari Wakatoliki pale Bihawana, katika miaka ya 1950, na mapadre Wapasionisti kutoka Italia walikuwa wakifanya kazi eneo hilo tangu miaka ya 1930. Misa inahitaji divai. Tofauti kubwa ni jua: Dodoma wanavuna mara mbili kwa mwaka, Piemonte mara moja, Septemba na Oktoba, na mvua ya mawe ya dakika kumi inaweza kufuta mwaka mzima. Nilimwambia mkulima mmoja wa Asti habari ya mavuno mawili. Alinyamaza, akamimina glasi nyingine, akaniuliza kama kwetu wanahitaji vibarua.

Nivae nini?

Shati jeusi, na viatu vya kusimama saa sita.